Mauntingi ya Land Cruiser ikikatika: kazi ya nusu siku uani, na mahali inapoharibikia

Mauntingi ya injini ni raba iliyogandishwa katikati ya mabati mawili mazito ya chuma, kila bati likiwa na stadi yake, yaani bolti iliyosimama. Kwenye Land Cruiser za familia ya 70, zile HZJ75, 78 na 79 zenye injini ya 1HZ, ziko mbili mbele, moja kila ubavu wa injini, na nyuma giaboksi inakalia raba nyingine juu ya krosimemba, ile nguzo inayokatiza chasisi. Hizo ndizo zinazobeba kila kitu. Hakuna bolti inayoifunga injini kwenye chasisi moja kwa moja. Ikikatika moja, gari linaendelea kutembea, tena kwa wiki kadhaa bila taabu ya maana, huku vitu vingine vikiharibika pembeni. Hozi ya rejeta inasuguliwa. Kava la feni linapasuka, flanji ya ekzosi inaanza kuvuja, waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, unakatika uzi mmoja mmoja. Mwenye gari anaweza kuvilipia vyote hivyo, kimoja baada ya kingine, kabla hajaambiwa kwamba chanzo ni raba.

Kazi ya kuibadilisha si ya kuogopesha. Inafanyika uani kwa jeki nzuri na spana za kawaida. Kama mauntingi mpya itadumu miaka au miezi, hilo linaamuliwa na mambo mawili: unainulia wapi na unakaza lini. Yaliyobaki ni kufungua na kufunga.

Kwa nini ya kushoto hutangulia

Injini inapoyasukuma magurudumu, yenyewe nayo inasukumwa upande wa pili. Ukikaa kwenye usukani ukatazama mbele, krenki ya 1HZ, shafti yake kuu, inazunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwa hiyo kila unapoachia klachi kwa gia ya kwenda mbele, mwili wa injini unataka kupinduka kufuata mishale ya saa: ubavu wa kushoto unapanda, wa kulia unakandamizwa. Raba huvumilia kukandamizwa kwa miaka mingi. Kuvutwa ndiko isikokuweza, hasa pale ilipogandishwa na bati. Kwenye rivasi mambo hugeuka, ila hakuna anayerudi rivasi siku nzima.

Na nguvu yenyewe si ya mchezo. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm 285 hivi kwenye mizunguko 2,200. Gia ya kwanza inaizidisha zaidi ya mara nne, na fowili ya gia nzito (magurudumu yote manne kwa mwendo mdogo) inaizidisha tena karibu mara mbili au zaidi. Kinachozipata mauntingi ni torki inayotoka mwisho, kwenye propela shafti, kwa sababu injini na giaboksi vimefungwa vikawa kitu kimoja. Hapo tunazungumzia zaidi ya Nm 2,000. Tuseme mauntingi mbili za mbele zimeachana sentimita 60: ubavu wa kushoto unainuliwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300. Hivyo raba iliyokwisha kuchoka hukatikia kwenye tope, gari limezama hadi ekseli na dereva anaachia klachi kwa kishindo, mara nyingi kuliko kwenye lami.

Wamarekani waliwahi kulipata hili kwa kiwango cha kutisha. Desemba 1971 General Motors ilitangaza kuyaita magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7 kwa sababu ya mauntingi. Ikikatika ya kushoto, injini iliinuka ikavuta fito za akseleta, na gari likaongeza mwendo lenyewe. Dawa iliyofungwa ilikuwa kizuizi cha kuishika injini isiinuke. 1HZ inatumia kebo ya akseleta inayokunjika, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo zaidi, lakini kebo iliyokazwa bila ulegevu nayo huvutwa. Ukiona sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga akseleta, inapanda yenyewe pale gari linapoanza kuondoka, usikimbilie pampu ya dizeli. Tazama mauntingi kwanza.

Torki inamalizia kazi tu. Raba huwa imeshauliwa na vitu vingine, na usipovitafuta utarudia kazi hii mapema. Cha kwanza ni mafuta. Oili inayovuja kwenye gasketi ya kava la valvu, au dizeli inayotoka jasho kwenye paipu za kurudishia za nozeli, hutiririka ubavuni mwa injini na kuishia juu ya mauntingi. Raba asilia ikilowa dizeli inavimba, inalainika, inaanza kubonyea kwa kidole na kutoa weusi mkononi. Cha pili ni joto la ekzosi: ubavu uliopitiwa na bomba hukauka na kupasuka kama hakuna bati la kukinga joto, na mara nyingi bati hilo liling'olewa zamani kwa sababu lilikuwa linapiga kelele. Cha tatu ni barabara. Magari ya watalii ya Arusha, yale yaliyorefushwa, yanapita kila wiki kwenye changarawe iliyojikunja kama bati la nyumba kutoka Ngorongoro hadi lango la Naabi Hill, na mtikisiko ule mdogo wa saa nyingi huchosha gundi ya raba kuliko shimo moja kubwa. Cha nne ni sailensa iliyoshushwa chini mno kwa kudhani inaokoa mafuta. Dizeli ya silinda sita ikipungua chini ya kiwango chake inatikisika kwa mawimbi makubwa, na raba inakunjwa muda wote gari limesimama kwenye foleni.

Kuhakikisha kabla ya kununua spea

Dalili zinajulikana: dashibodi inatetemeka kwenye sailensa, kuna mlio wa "ko!" ukiachia klachi na mwingine ukiikanyaga, fimbo ya gia inacheza mbele na nyuma kuliko zamani, feni inakwaruza kava kwenye mteremko. Tatizo ni kwamba dalili hizo zina ndugu. Krosi za propela shafti zilizolika nazo hutoa "ko!" wakati wa kuondoka, zishike kwa mkono ukiwa chini ya gari, shafti ikicheza bila flanji kuzunguka ni krosi. Nozeli mbovu hutikisa injini kwenye sailensa, ila mtikisiko wake una mdundo mmoja unaojirudia, na ukilegeza nati za paipu za dizeli moja baada ya nyingine utakutana na silinda ambayo haibadilishi chochote. Raba za bodi zilizokwisha hufanya bodi ipige chasisi kwenye mashimo, lakini gari likisimama linatulia.

Kipimo cha kwanza kinahitaji watu wawili. Zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, vuta breki ya mkono. Mwenzako akae kwenye usukani na breki ya mguu imekanyagwa mpaka chini. Wewe simama ubavuni, boneti wazi. Usisimame mbele ya gari wala nyuma yake. Aweke gia ya kwanza, aachie klachi pole pole mpaka injini ianze kulemewa, aikanyage tena. Kisha rivasi. Injini yenye mauntingi nzima huegemea sentimita moja au mbili ikarudi bila sauti. Iliyokatika huinuka ghafla upande mmoja na kutua kwa kishindo. Mtikiso mkubwa wakati wa kuzima usikudanganye. Dizeli hizi zote hutikisika zikizimwa.

Cha pili ndicho cha kuaminika. Injini ikiwa imeikalia, raba iliyokatika inaonekana nzima kabisa, kwa kuwa uzito unaufunga ufa. Weka jeki na ubao chini ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, inua kidogo sana, milimita chache tu, huku unamulika kwa tochi. Kama bati la juu linapanda na raba inabaki chini, umeshapata jibu. Mipasuko midogo ya juu juu, ya kina cha milimita moja au mbili, ni uzee wa kawaida. Ufa unaoingiza ncha ya bisibisi kati ya raba na bati, au unga mweusi uliorundikana kwenye braketi, hapo hakuna mjadala.

Angalia pia ya nyuma. Mafundi wengi hubadilisha mbili za mbele na kuiacha ya giaboksi kwa kuwa haionekani bila kulala chini. Ya nyuma ikiwa imelala, giaboksi inashuka, injini inainamia nyuma, na mauntingi mpya za mbele zinaanza maisha zikiwa zimepindishwa.

Spea

Nunua za mbele mbili kwa pamoja hata kama imekatika moja. Iliyobaki imeshaishi umri uleule, na raba ya zamani iliyobonyea milimita kadhaa ikikaa na mpya iliyosimama, injini inalala upande. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Kirinyaga Road pale Nairobi atakuuliza namba ya chasisi. Mpe kutoka kwenye kibati cha boneti, usimwambie tu "Land Cruiser mkonga". Mauntingi hutofautiana kwa injini, kwa mwaka na kwa aina ya giaboksi, na za kushoto na kulia zinaweza kufanana kwa macho huku stadi zimekaa pembe tofauti. Piga picha ya ile iliyoko kwenye gari ukiwa umeweka rula pembeni.

Dukani, chukua nati na uizungushe kwenye stadi kwa vidole: iende mpaka mwisho bila kukwama. Kagua mstari ambapo raba inakutana na bati, mzunguko mzima. Kwenye mauntingi nzuri raba imepanda kidogo juu ya bati bila nafasi. Kwenye feki utaona kingo zimeachia hata kabla haijafungwa, au rangi imepakwa juu ya raba kuficha. Harufu kali ya plastiki si dalili njema. Kama ya zamani ina kipini kidogo cha kuielekeza kwenye tundu la braketi na mpya haina, irudishe.

Kuhusu zile za kuchonga kutoka kwenye tairi, ambazo kila mji una fundi wake: zinafanya gari litembee, na kwa mtu aliye kilomita 300 kutoka duka la karibu hilo si jambo dogo. Lakini tairi lina nyuzi ndani yake zisizonyumbuka, na bolti hulazimika kupita katikati kutoka chuma hadi chuma. Mtikisiko unakwenda wote kwenye chasisi, na baada ya muda unachokikuta kimepasuka ni weldi ya braketi, kitu ambacho raba isingekigusa. Poliurethani ngumu wanayoisifia wenye magari ya mashindano ina kasoro hiyohiyo kwa kiasi, nayo haifai kwa dizeli inayofanya kazi kutwa.

Ongeza kwenye mfuko: nati mpya za kujifunga, washa za springi, na waya mpya wa ethi kama wa zamani umechakaa.

Vifaa na uwanja

Jeki ya magurudumu ya tani 2 au zaidi. Stendi mbili za tani 3. Ubao mgumu wa unene wa sentimita 5, upana na urefu wa sentimita 20 au 25. Soketi na spana za 12, 14, 17 na 19, ekstensheni ndefu ya sentimita 30 na mpini mrefu wa kufungulia, dawa ya kutu, brashi ya waya, mtaimbo mdogo, spana ya torki kama unayo. Kwa mtu wa mara ya kwanza tenga saa nne au tano. Aliyezoea humaliza kwa mbili.

Uwanja wa udongo unataka maandalizi. Jeki ya magurudumu huingia kwenye mchanga, na mbaya zaidi haiwezi kujisogeza kadiri inavyoinua, kwa hiyo inavuta mzigo pembeni. Tandika bati nene au mbao mbili pana chini yake. Stendi nazo zikae juu ya mbao. Tofali la sementi halifai kushikilia gari hata kidogo: linabeba vizuri mpaka sekunde linapopasuka, bila kutoa onyo. Land Cruiser iko juu kiasi kwamba mara nyingi hulazimiki kuinua gari lenyewe; ukiweza kufanya kazi magurudumu yakiwa chini, fanya hivyo.

Usiku wa kuamkia kazi, mwagia dawa ya kutu nati zote za mauntingi, juu na chini, kisha rudia asubuhi. Kwa magari ya Pwani, Tanga au Mombasa, fanya hivyo siku mbili mfululizo.

Kuinua

Anza na betri: toa waya wa hasi. Kisha pitia kila kitu kinachounganisha injini na gari, ukijiuliza kama kina ulegevu wa sentimita 5. Hozi za rejeta juu na chini. Hozi ya vakyumu ya breki. Kebo ya akseleta. Waya za stata na altaneta. Hozi ya klachi. Bomba la ekzosi kwenye hanga yake ya kwanza. Chenye kubana, kifungue sasa. Legeza bolti za kava la feni na uliegemeze nyuma juu ya injini, halafu ingiza kipande cha kadibodi nene kati ya feni na rejeta. Injini ikiinuka feni huinuka nayo, na mapezi ya rejeta hayahitaji kuguswa mara mbili ili yavuje.

Legeza flanji ya ekzosi, bila kuitoa. Mauntingi mpya huipandisha injini, pengine sentimita moja kulinganisha na zile zilizobonyea. Bomba lililobaki limekazwa kwenye mkao wa zamani litakuwa linaivuta injini chini upande mmoja kila siku.

Sasa sampu. Kwenye injini nyingi ni bati jembamba, na ndani yake, nafasi ndogo tu juu ya sakafu, kuna chujio la kufyonzea oili. Jeki ikibonyeza bati likapanda, chujio linazibwa, na injini inaanza kukosa presha ya oili wiki mbili baada ya kazi iliyoonekana imekwenda sawa. Ubao upande mpana uguse kingo za sampu pale bati linapokunjwa au karibu na flanji, kamwe usiguse katikati peke yake. Usiinulie kwenye puli ya krenki. Hiyo inabeba mzunguko tu, haikutengenezwa kubeba uzito. Mwenye cheni bloku na fremu imara anaweza kuinua kutoka juu kwa vishikizo vya injini, na kwa kweli ndiyo njia safi zaidi. Tawi la mwembe silo fremu imara.

Kabla ya kupampu jeki, legeza nati za mauntingi zote mbili, ya kushoto na ya kulia, na za giaboksi mizunguko michache. Ile ambayo hubadilishi kwa sasa usiitoe. Inabaki kama bawaba. Injini isipopewa nafasi ya kuegemea, utakuwa unainua gari zima huku ukidhani unainua injini, na hapo ndipo mauntingi nzima ya upande wa pili huraruka.

Inua taratibu. Sentimita 2 hadi 5 hutosha. Kila baada ya mapigo machache simama, zunguka, tazama feni, hozi, kebo. Mkono wako usipite kati ya braketi na chasisi wakati wowote injini imeshikiliwa na jeki peke yake. Tumia kipande cha mbao ngumu kama kabari kati ya braketi ya injini na ya chasisi ili jeki ikishuka injini itue juu ya mbao.

Hapa ndipo penye usumbufu wa kweli: stadi inazunguka pamoja na nati. Raba ikiwa imekatika hakuna kinachoishika bati, unazungusha spana na kila kitu kinazunguka nayo. Bana bati kwa praizi ya kujifunga, au ingiza ncha ya mtaimbo kati ya bati na ukuta wa braketi ili isigeuke. Ikishindikana, grenda. Kabla ya grenda futa kila tone la dizeli na oili, funika paipu za dizeli na hozi kwa kitambaa kilicholowa maji, weka ndoo ya mchanga karibu, na kata nati upande mmoja mpaka karibu na nyuzi, kisha ipasue kwa patasi. Mauntingi inakwenda kutupwa, kwa hiyo stadi ikiharibika si hasara.

Iliyotoka iweke mezani kando ya mpya. Linganisha urefu wa jumla, umbali wa stadi, pembe. Ya zamani kuwa fupi kidogo ni kawaida. Stadi kuwa mahali tofauti si kawaida, na nati hazitalirekebisha hilo.

Braketi ikiwa tupu, isugue kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Tazama weldi pale braketi inapokutana na chasisi, hasa kona ya chini. Ufa wa hapo huonekana kama mstari mwembamba wa kutu unaotoka jasho la kahawia. Ukiukuta, kazi ya mauntingi inasimama mpaka mchomeleaji aje, na betri pamoja na altaneta vitolewe waya kwanza. Tundu lililotanuka likawa yai linahitaji washa nene, au weldi na kutobolewa upya.

Kukaza

Ingiza mauntingi mpya, anza nati zote kwa vidole tu. Shusha injini nusu. Mara nyingi stadi haitaingia tundu lake, imekosa milimita tatu au nne mbele au nyuma. Usigonge kwa nyundo. Injini imesogea, na dawa ni kulegeza zaidi nati za giaboksi kisha kuisukuma kwa mtaimbo mdogo mdogo huku ukichungulia. Kidole kisitumike kupima kama tundu limelingana.

Upande wa kwanza ukikaa, nenda wa pili kwa mtindo uleule. Kisha shusha injini yote, ondoa jeki, acha nati zikiwa zimegusa tu. Shika injini kwa mikono miwili juu, itikise kulia na kushoto, mbele na nyuma, mara kadhaa, mpaka uone imetulia kati. Hatua hii huchukua nusu dakika, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ukikaza nati wakati injini bado imeinuliwa au imeegemea, raba inabaki imepindwa hata gari likiwa limezimwa, na safari ya kwanza ya tope inaikuta imeshavutwa nusu ya uwezo wake.

Mpangilio wa kukaza: mbele kushoto, mbele kulia, kisha giaboksi, kisha flanji ya ekzosi, mwisho kava la feni. Kitabu cha gari lako ndicho cha kufuatwa kwa torki. Kama hunacho, bolti ya M10 ya daraja la 8.8 kwa kawaida hukazwa karibu Nm 45 na ya M12 karibu Nm 80. Kwa asiye na spana ya torki, mpini wa kawaida wa racheti na nguvu ya mkono mmoja inatosha kwa M10. Bomba la kuongezea urefu halina kazi hapa.

Rudisha waya wa ethi kati ya injini na chasisi, na usugue sehemu unapogusa. Raba haipitishi umeme. Waya huo ukisahaulika, mkondo wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyo karibu ni kebo ya akseleta au ya breki ya mkono. Kebo inapata moto, plastiki ya ndani inayeyuka, na unabaki na akseleta iliyoganda. Ukiona moshi kwenye kebo wakati wa kupiga stata, usitafute zaidi.

Kabla ya kuwasha, zungusha feni kwa mkono duara zima ukitazama nafasi kati ya ncha na kava, juu na chini. Ikibana upande mmoja, sogeza kava. Matundu yake mengi yameachwa marefu kwa ajili hiyo. Washa, ikae kwenye sailensa dakika tano, rudia kipimo cha klachi.

Mtetemo ukiongezeka badala ya kupungua, usilaumu spea mara moja. Raba mpya ni ngumu kidogo kuliko iliyokufa, hiyo huonekana wiki ya kwanza. Lakini mvumo unaokuja kwenye mzunguko mmoja maalumu na kupotea ukipita hapo ni chuma kinachogusa chuma: bomba la ekzosi kwenye krosimemba, kava la feni kwenye puli, au washa iliyokaa juu ya raba badala ya juu ya bati. Lala chini na tochi, tafuta mahali palipong'aa.

Kaza tena baada ya kilomita 500, na unapofanya hivyo gusa raba kwa kidole. Ikiwa na unyevu, uvujaji wa juu haujaziba.

Ikikatikia porini

Ya kushoto ikikatika mbali na spea, gari linaweza kurudi. Pitisha mnyororo au mkanda wa kufungia mizigo kutoka kwenye braketi ya injini hadi kwenye chasisi, chini kabisa, mbali na bomba la ekzosi, hozi za breki na safu ya usukani. Uache ulegevu wa sentimita moja. Ukikazwa kabisa unaivuta injini na kuhamisha mzigo kwenye mauntingi ya kulia. Ondoka kwa gia ya pili badala ya ya kwanza panapokuwa tambarare, achia klachi kwa upole, fowili ya gia nzito usiiguse mpaka ukutane na njia ngumu isiyopitika vinginevyo. Kila unaposimama fungua boneti utazame feni na hozi ya chini ya rejeta. Ya kulia ikiwa ndiyo iliyokatika, mnyororo hautasaidia sana kwa kuwa upande huo hukandamizwa. Hapo ingiza kipande cha tairi au mbao ngumu chini ya braketi, kifunge kwa waya kisiruke, na uende polepole mpaka palipo na jeki.